Urafiki wa Tanzania na China unavyopanga bei Kariakoo

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou au Yiwu kwa kawaida hana habari na mikataba ya serikali. Anafuatilia bei ya dola, nauli ya kontena na ushuru wa forodha, basi. Lakini mambo hayo, pamoja na lile linalozua mabishano makubwa zaidi, yaani nani ana ruhusa ya kufungua duka mtaa wa Kongo, yote yamefungamana na uhusiano wa nchi mbili ambao sasa umepita miaka 60. Wiki hii ukurasa huu unaeleza uhusiano huo umejengwaje, nani hulipa nini, na ni wapi unamgusa mtu mwenye duka, ghala au hisa chache.

Kwanza tuliweke sawa neno "mshirika". Tanzania haijapata kutia saini mkataba wa kujihami pamoja na China, wa aina ile ambayo Marekani inayo na Japani au Korea Kusini. Nchi yetu ilijitangaza kutofungamana na upande wowote na imebaki hivyo. Kilichopo ni mkataba wa urafiki uliotiwa saini Beijing Februari 1965, Mwalimu Nyerere alipofanya ziara yake ya kwanza huko, na juu yake yakajengwa mengine mengi hadi Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Beijing na pande mbili zikakubaliana kuupandisha uhusiano kuwa ubia kamili wa kimkakati. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mmoja kumpigania mwenzake. Hata hivyo, ukihesabu jeshi, reli, kura za Umoja wa Mataifa na shehena ya bandarini, ni nchi chache zilizoshikamana na Tanzania kwa muda mrefu namna hiyo.

Reli iliyolipiwa kwa mabeseni

Habari ya TAZARA imesimuliwa sana kwa upande wa siasa. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru Rhodesia, na shaba ya Zambia, ambayo ilikuwa ikipita huko kwenda baharini, ikawa mateka. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikuwa zimeupima mradi wa reli ya kwenda Dar es Salaam na kusema haulipi. China ikakubali. Makubaliano yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na reli yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976.

Upande wa biashara husimuliwa mara chache, na ndio unaotuhusu. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, hauna riba, wa kulipwa kwa miaka 30 baada ya kipindi cha kusubiri, Tanzania na Zambia zikigawana mzigo. Fedha hizo zilitosha kununua reli, injini na mitambo, ambavyo vilitoka China kwenyewe. Lakini reli haijengwi kwa vyuma peke yake. Kuna mishahara ya maelfu ya vibarua wa Kitanzania, kuna mbao, kokoto, saruji na chakula, na vyote hivyo vinalipwa kwa shilingi. China haikuwa na shilingi, na wala haikutaka kutoa dola au pauni ili zibadilishwe.

Njia iliyopatikana ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiendesha. China ilileta bidhaa kwa mkopo: mabeseni, chupa za chai, baiskeli, vitambaa, majembe, dawa. Shirika la Biashara la Taifa, STC, na baadaye makampuni ya biashara ya mikoa, RTC, yakaziuza madukani. Shilingi zilizopatikana zikaingia kwenye akaunti ya reli. Kwa hiyo mama aliyenunua beseni Tabora alikuwa, bila kujua, analipa mshahara wa kibarua aliyekuwa anachimba njia Mlimba. Zambia nayo ilifanya vivyo hivyo.

Matokeo yake yalionekana haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 China ilikuwa imeipita Uingereza kwa kuiuzia Tanzania bidhaa, jambo ambalo miaka kumi nyuma yake hakuna mwagizaji wa Dar es Salaam ambaye angeliamini. Lakini mpango huo ulikuwa na kasoro ambayo mfanyabiashara yeyote anaiona. Kiasi cha bidhaa kilipangwa na mahitaji ya ujenzi, wala si mahitaji ya wateja. Reli ilipohitaji shilingi nyingi, maduka yalipaswa kumeza mali nyingi, ihitajike au isihitajike. Bidhaa zilizopendwa ziliisha upesi, zisizopendwa zikalala ghalani, na shirika la umma likabaki na hesabu ya kufunga. Aidha, viwanda vichanga vya hapa nchini vilijikuta vinashindana na mali iliyokuja kwa sababu za reli. Ajabu ni kwamba mmoja wa washindani hao ulikuwa ni mradi wa China hiyo hiyo: kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa mkopo wake. Mwaka 1997 kiwanda hicho kiligeuzwa kuwa kampuni ya ubia, China ikichukua asilimia 51.

Wanaosema bidhaa za China ziliingia Tanzania baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980 wanasahau haya. Soko lilifunguliwa na reli, na kizazi kizima kilizoea chupa ya chai ya Kichina kabla mfanyabiashara binafsi wa kwanza hajakata tiketi ya kwenda Guangzhou.

Mjomba anapogeuka mwekezaji

Reli yenyewe haikupata kubeba mzigo iliojengewa. Ilisanifiwa kwa tani milioni 2 kwa mwaka. Miaka yake bora ilivuka milioni 1 kidogo tu. Ubaguzi ulipokwisha Afrika Kusini, shaba ya Zambia ikapata njia nyingine za kusini. Injini zilichakaa, malori yakachukua barabara ya Tunduma, na mwaka wa fedha 2014/15 TAZARA ilisafirisha chini ya tani 100,000. Mwenye lori ambaye amelala siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma anaielewa takwimu hiyo kuliko mtaalamu yeyote.

Septemba 2024, Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua. Septemba 2025 ukasainiwa mkataba wenyewe mjini Lusaka na kampuni ya CCECC ya China: uwekezaji wa takriban dola za Kimarekani bilioni 1.4, kampuni kuikarabati na kuiendesha reli kwa miaka 30, ambapo mitatu ya mwanzo ni ya matengenezo.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuona tofauti. Mwaka 1967 serikali iliikopesha serikali bila riba, kwa sababu za kisiasa, na aliyebeba hasara ya biashara ilikuwa ni hazina za nchi tatu. Mwaka 2025 ni kampuni inayoweka fedha ikitazamia kuzirudisha kwa nauli ya shehena. Jina la China ni lile lile, picha za viongozi wakipeana mikono ni zile zile, ila hesabu ni nyingine. Kampuni inayotafuta faida itavutia mizigo na itaikataa isiyolipa. Kwa mwenye ghala Makambako au wakala wa forodha Mbeya hiyo inaweza kuwa heri kuliko reli ya urafiki isiyo na injini. Kwa abiria wa vijijini kati ya Mlimba na Makambako, ambako treni ndiyo usafiri, ni jambo la kuulizia mapema.

Isitoshe, mwekezaji huyo hayuko peke yake. Marekani na Umoja wa Ulaya zinaunga mkono reli ya Lobito, Angola, ambayo inayatazama madini yale yale ya Zambia na Kongo. Shaba itapita palipo na nauli nafuu na ucheleweshaji mdogo, na bandari ya Dar es Salaam itaonja tamu au chungu ya mashindano hayo.

Kwamba urafiki hauzuii mabishano ya bei, ushahidi ni Bagamoyo. Mkataba wa awali wa bandari hiyo ulisainiwa mwaka 2013, mwaka ambao Rais Xi Jinping alizuru Dar es Salaam. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba masharti ya mwekezaji, likiwemo la kupangishwa eneo kwa miaka 99 na la kutojenga bandari nyingine kwenye ukanda ule, hayakubaliki. Mazungumzo yakasimama. Mwaka 2021 Rais Samia akasema yatafufuliwa. Uhusiano wa nchi mbili haukutetereka hata kidogo, jambo linaloonyesha kwamba pande zote mbili zinajua kutenganisha sherehe na hesabu.

Jambo jingine ambalo watu huchanganya: siyo kila mradi wenye mkandarasi wa Kichina ni mkopo wa China. Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, lilijengwa na makampuni ya China lakini fedha zilitoka NSSF na serikali. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, nalo lilijengwa na Wachina kwa fedha za serikali yetu. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015, ndilo lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, takriban dola bilioni 1.2. Kwa mwenye hatifungani za serikali tofauti hiyo ina maana, maana mkandarasi hulipwa mara moja na kuondoka, ila mkopeshaji huendelea kuja.

Bunduki na nauli ya kontena

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza kuwanyang'anya silaha. Jeshi jipya, JWTZ, lilianzishwa Septemba mwaka huo, na wakufunzi wa Kichina walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kwa miaka mitano Kanada nayo ilifundisha jeshi, kisha kuanzia 1970 China ikawa ndiyo mfadhili mkuu: vifaru, ndege za kivita, boti za wanamaji na kituo cha anga cha Ngerengere. Silaha hizo zilitumika katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kituo cha mafunzo cha Mapinga, Bagamoyo, kilichojengwa na China, kilikabidhiwa mwaka 2018, na kati ya Julai na Agosti 2024 majeshi ya Tanzania, China na Msumbiji yalifanya mazoezi ya pamoja ya kukabili ugaidi yaliyopewa jina la Amani Umoja.

Mfanyabiashara atauliza: hayo yananihusu nini? Yanamhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusini. Tangu Oktoba 2017 kumekuwa na mashambulizi Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Mtwara ndiko kuna gesi ya Mnazi Bay, kuna korosho, na ndiko linakoanzia bomba lile la mkopo. Usalama wa Mtwara ni dhamana ya deni.

Ya pili ni bahari. Tangu mwishoni mwa mwaka 2008 China imekuwa ikipeleka meli za kivita Ghuba ya Aden kusindikiza meli za biashara dhidi ya maharamia. Njia ya meli kutoka China kuja Dar es Salaam haipiti Bahari ya Shamu; inakatiza Bahari ya Hindi. Ndiyo maana waagizaji wengi walishangaa nauli ilipopanda baada ya Wahouthi kuanza kushambulia meli Novemba 2023. Sababu ni kwamba meli za Asia na Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikawa ndefu, meli na kontena tupu zikaadimika duniani kote, na uhaba haukuchagua njia. Rafiki mwenye manowari anaweza kukusindikizia meli yako, lakini soko la nauli hawezi kukutulizia. Mwaka huo huo wa 2023 waagizaji walikuwa wamekwisha kubanwa na uhaba wa dola kwenye mabenki.

Deni la kura

Kuna upande wa mizani ambao haupimwi kwa shilingi. Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipoirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuipigania, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim. Mwaka 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Marekani ilimzuia, na China nayo ikatumia kura ya turufu mara 16 kumzuia Kurt Waldheim asipate muhula wa tatu. Wote wawili walikosa. Wazee wa mambo ya nje wa pande zote mbili bado wanayakumbuka hayo, na yanapofika mazungumzo ya mkopo au msamaha wa deni, kumbukumbu ya namna hiyo hukaa mezani pamoja na karatasi nyingine.

Lugha, uwanja na tamthilia

Kwa utamaduni tutapita haraka, isipokuwa pale unapoleta fedha. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968. Uwanja wa Taifa wenye viti 60,000, ambao leo ni wa Benjamin Mkapa na ambao siku ya Simba na Yanga husimamisha biashara za nusu ya jiji, ulijengwa kwa msaada wa China na kampuni ya China na ulianza kutumika mwaka 2007. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Doudou na mama wakwe zake, na watu wakagundua kwamba ugomvi wa mkwe na mama mkwe hauna mipaka. Na jirani na Gongo la Mboto yapo makaburi ya wataalamu wa Kichina, wengi wao waliofia kwenye ujenzi wa reli.

Kinacholeta fedha ni lugha. Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2013. Kijana aliyetoka huko na Kichina kinachoeleweka ana kazi: kuwatafsiria waagizaji sokoni Yiwu, kukagua mzigo kiwandani kabla haujafungwa, kusimamia kontena linalochangiwa na watu kumi. Miaka ya nyuma kazi hiyo ilifanywa na mawakala wa huko huko, na mwagizaji aliyedanganywa hakuwa na wa kumlalamikia. Daraja hilo la lugha lilipitisha na mambo mengine: mwaka 2019 mahakama ya Dar es Salaam ilimfunga miaka 15 mfanyabiashara wa Kichina kwa biashara ya pembe za ndovu, mtu ambaye alifika nchini miaka ya 1970 kama mkalimani wa TAZARA. Sensa zilionyesha tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa 2017.

Tunachouza

Takwimu za forodha za China zinaonyesha biashara ya nchi mbili ilifikia takriban dola bilioni 8.8 mwaka 2023. Sehemu kubwa mno ya hizo ni mali yao inayokuja kwetu. Sisi tunapeleka ufuta, madini, mazao ya bahari, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria, ambayo bei yake kwa kilo huipita mbali ile ya minofu ya samaki yule yule.

Kuanzia Desemba 1, 2022, China iliondoa ushuru kwa asilimia 98 ya aina za bidhaa kutoka Tanzania, na Desemba 1, 2024 ikafikisha asilimia 100 kwa nchi zote zenye maendeleo duni ambazo zina uhusiano nayo wa kibalozi. Habari hizo zilipokelewa kwa shangwe, lakini ushuru haukuwa ndio ukuta. Ukuta ni afya ya mimea. Zao haliingii China mpaka serikali mbili zitie saini itifaki ya zao hilo, kisha mashamba na vituo vya kufungashia vikaguliwe na kuandikishwa, kisha shehena ipate cheti cha TPHPA. Itifaki ya mihogo mikavu ilisainiwa 2017, maharage ya soya yakaruhusiwa 2020, parachichi Novemba 2022. Zao lisilo na itifaki, hata ushuru wake ukiwa sifuri, ni sifuri ya kitu ambacho hakipo.

Tena, sifuri hiyo siyo yetu peke yetu. Ethiopia, Msumbiji na Niger, ambazo nazo zinauza ufuta, zinayo pia. Kenya haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo haikuipata kwa mpango huo, na kwa wakulima wa parachichi wa Njombe hiyo ilikuwa nafasi nzuri dhidi ya mshindani aliyewatangulia sokoni. Lakini Juni 2025 China ilitangaza nia ya kutoa sifuri hiyo kwa nchi 53 za Afrika. Nafasi za aina hii zina muda wake.

Kwa wenye hisa, tazameni saruji na vigae. Miaka ya nyuma vigae vilikuja kwa kontena. Sasa viwanda vya Kichina Mkuranga na Chalinze vinavitengeneza hapa hapa, na mwagizaji wa vigae amegeuka wakala wa kiwanda au amefunga duka. Mwaka 2020 kampuni ya Huaxin ya China ilikinunua kiwanda cha saruji cha Maweni, Tanga, na tangu hapo Twiga na Simba, ambazo hisa zake zimeandikishwa kwenye soko la Dar es Salaam, zina mshindani mwenye mfuko mrefu. Anayenunua hisa za saruji bila kuhesabu hilo anasoma nusu ya taarifa.

Mtaa wa Kongo

Tumefika penye moto. Malalamiko dhidi ya Wachina wanaouza rejareja Kariakoo siyo mapya. Januari 2011 serikali ilitoa siku 30 kwa wageni wanaofanya biashara ndogo ndogo kuondoka. Februari 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, aliunda kamati kuchunguza tena, na Julai 28, 2025 ikatoka amri iliyopiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15. Humo mna jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani, mna kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu, uwakala wa forodha, na kununua mazao shambani. Mgeni anayevunja amri anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo cha hadi miezi sita na kufutiwa kibali. Raia anayemsaidia naye ana adhabu: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Amri haikutaja taifa. Majirani wa Afrika Mashariki waliipinga, Kenya ikiongoza, lakini Kariakoo kila mtu alijua inasemwa habari za nani. Na hapo ndipo urafiki wa mwaka 1965 na mkate wa kila siku vinakutana. Mshirika wa nchi amegeuka mpangaji wa chumba cha jirani, ananunua kiwandani kwa nduguye bila dalali, na anauza kwa bei ambayo wewe unanunulia.

Kifungu cha kumwadhibu raia ndicho chenye meno, kwa sababu duka la mgeni mara nyingi lina leseni ya Mtanzania aliyelipwa kutoa jina lake. Mwenye kufanya hivyo kwa laki chache za mwezi ajue kwamba sasa anaweka dhamana uhuru wake.

Lakini amri haigusi kila kitu. Agosti 2025 kilifunguliwa Ubungo, kwenye eneo la stendi ya zamani ya mabasi, kituo cha biashara kilichojengwa na wawekezaji wa China chenye maduka zaidi ya 2,000. Kariakoo haiishi kwa wateja wa Dar es Salaam peke yao. Inaishi kwa Mzambia, Mkongo, Mrundi na Mmalawi wanaokuja na fedha taslimu na kuondoka na marobota. Hao hawana urafiki na mtaa, wana urafiki na bei. Wakiipata Ubungo nafuu zaidi, pango la Kariakoo, ambalo wapangaji wamekuwa wakilipa kwa mwaka mzima mbele, litakuwa ghali kwa biashara inayobaki. Mwenye kufikiria kununua "kilemba" cha fremu mtaa wa Kongo au Msimbazi afanye hesabu hiyo kwanza, na aulize mpangaji anayeondoka anakwenda wapi.

Kwa wanunuzi wa mazao, kumbukeni kwamba amri hiyo hiyo inamkataza mgeni kwenda shambani. Mnunuzi wa China atapitia mnadani na kwenye makampuni ya wazawa. Uvunaji wa ufuta Lindi na Mtwara huanza karibu na Mei, minada ya stakabadhi ghalani hufuata, na anayetaka kusimama katikati ya chama cha msingi na mnunuzi huyo anahitaji mtaji, ghala kavu na makaratasi ya usafirishaji yaliyokamilika kabla mvua hazijakatika.